Mkuu wa Polisi wa Tarafa: Mamlaka Yake na Mipaka Yake

Katika tarafa za mpakani, mkuu wa polisi hutajwa kila siku. Aliyeibiwa ng'ombe humwendea apate msaada. Anayedai pesa zake humtaja ili kumtisha mdeni. Wote wawili huamini kwamba mkuu huyo anaweza kufanya lolote. Imani hiyo si sahihi, nayo huwaponza raia na polisi pia. Somo hili, lililoandikwa kwa kuwafikiria wakazi wa Buhinyuza katika eneo la Muyinga na majirani zao wa Ngara, linaeleza sheria imempa nini mkuu wa polisi na mamlaka yake yanakoma wapi.

Asili ya mamlaka yake

Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Iliwakusanya pamoja waliokuwa jandarma, polisi wa vikosi mbalimbali vya awali na wapiganaji wa zamani. Katiba inaagiza kwamba kabila moja lisizidi nusu ya vikosi vya usalama, na inamkataza askari kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Kwa hiyo mlalamikaji anayefika kituoni hapaswi kupimwa kwa kabila lake wala kwa chama chake.

Kazi mbili, wasimamizi wawili

Kazi ya kwanza ni kuzuia uhalifu: doria, ulinzi wa masoko na barabara, utulivu wa mikutano. Katika kazi hii mkuu wa polisi hushirikiana na viongozi wa utawala, kuanzia kilima hadi mkoa.

Kazi ya pili ni upelelezi wa makosa yaliyokwisha kutendeka. Hufanywa na maafisa ambao wananchi huwaita OPJ, chini ya usimamizi wa mwendesha mashtaka wa Jamhuri. Hapa kiongozi wa utawala hana amri. Anaweza kuomba doria iongezwe sokoni. Hawezi kuagiza jalada lifungwe wala mtu fulani awekwe ndani.

Raia naye ana nafasi yake. Akimkuta mtu akitenda kosa papo hapo, anaweza kumshika, lakini ni lazima amfikishe mara moja kwa polisi au kiongozi aliye karibu. Kumpiga mwizi aliyekwisha kushikwa ni kosa jingine, na aliyepiga atajibu mashtaka yake mwenyewe.

Siku za mahabusu

Nchini Burundi, sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai inaruhusu mtu kuwekwa mahabusu ya polisi kwa muda usiozidi siku 7. Muda huo ukihitaji kuongezwa, anayeamua ni mwendesha mashtaka, na jumla haiwezi kupita siku 14. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, hesabu ni ya saa: aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo hutakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 iwezekanapo, au apewe dhamana. Mfanyabiashara anayevuka Kobero na Kabanga kila wiki ni vyema azijue hesabu zote mbili.

Jina la kila anayezuiliwa huandikwa katika daftari la kituo, pamoja na siku na saa ya kukamatwa. Muyinga inajua thamani ya daftari hilo. Mwaka 2006 watu waliokamatwa katika eneo hili walizuiliwa katika kambi ya jeshi, kisha wakauawa, na miili ikaonekana katika mto Ruvubu. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kadhaa. Mtu asiyeandikwa popote ni rahisi kupotea. Kwa sababu hiyo ndugu wana haki ya kuuliza jamaa yao yuko wapi na amezuiliwa kwa kosa gani.

Deni si jinai

Tuchukue mfano: mtu amekopa pesa za mbegu, mavuno yakaharibika, akashindwa kulipa. Hilo ni shauri la madai, na mahali pake ni mahakama. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mapatano. Mkuu wa polisi anayemweka mdeni ndani ili alipe amefanya kazi isiyo yake. Pesa zinazodaiwa kituoni bila stakabadhi ili mtu aachiliwe ni rushwa, na Burundi ina sheria ya kupambana na rushwa tangu mwaka 2006.

Mamlaka hayavuki mpaka

Ng'ombe aliyeibwa Buhinyuza akivushwa hadi Ngara, mkuu wa polisi wa Burundi hawezi kumfuata kwa silaha zake. Hupokea malalamiko, huandika alama za mnyama, kisha huwajulisha wakuu wake ili wawasiliane na polisi wa Tanzania. Ushirikiano huo una chombo chake: umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioanzishwa mwaka 1998. Mwenye mifugo atausaidia upelelezi akitoa taarifa siku hiyo hiyo, maana haraka haraka ya mwizi haingoji.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kilima

1. Jirani yako amezuiliwa kwa siku 9. Utamwuliza nani kuhusu uamuzi wa kuongeza siku?
2. Kiongozi wa utawala ameamuru mtu aachiliwe. Je, ana mamlaka hayo?
3. Ni alama zipi za mifugo yako unazoweza kuzieleza leo kituoni?