Ukikamatwa Ugenini, Taja Ubalozi Wako

Polisi wa nchi ya kigeni wakikukamata, kwa kawaida hawalazimiki kuujulisha ubalozi wako mpaka wewe mwenyewe uombe. Ndivyo ilivyo Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963: wao wakueleze haki hiyo bila kuchelewa, nawe ukiomba, wapeleke taarifa. Wasipokueleza, au wakikueleza kwa lugha usiyoijua, utakaa mahabusu bila mtu wa kwenu kufahamu. Basi usingoje kuambiwa. Sema, na urudie: “Naomba ubalozi wa nchi yangu ujulishwe.” Anayekwenda kufanya kazi Oman au Saudi Arabia aijue sentensi hiyo kwa Kiarabu kabla ya kupanda ndege.

Afisa wa ubalozi ana haki ya kukutembelea, kuandikiana nawe na kukutafutia wakili. Kukutafutia, si lazima kumlipa. Kumwamuru hakimu akuachie hawezi. Hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ilipoamua mwaka 2004 kwamba Marekani haikuwaeleza haki hiyo raia 51 wa Mexico waliohukumiwa kifo, haikuagiza wafunguliwe. Iliagiza hukumu zao zipitiwe upya.

Malalamiko mengi ya wafanyakazi wa majumbani huko Ghuba huanzia kwenye pasipoti. Hiyo ni mali ya serikali iliyoitoa, si ya mwajiri wala wakala. Ikizuiliwa, ubalozi unaweza kuidai, au kukupa hati ya dharura ya kusafiria. Lakini tusidanganyane: hati hiyo peke yake haikufikishi nyumbani. Kama kibali cha ukaazi kimekwisha, kuna faini, au mwajiri ameripoti kwamba umetoroka, mambo hayo humalizwa kwanza na mamlaka za huko, na huenda yakachukua muda. Mwachie ndugu yako nakala ya pasipoti na mkataba wa kazi. Ubalozi hauwezi kukusaidia kabla ya kuthibitisha uraia wako.

Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania, na ulinzi huu pia. Mkenya anaruhusiwa kuwa na uraia pacha, ila akiwa ndani ya nchi yake ya pili asitarajie ubalozi wa Kenya kuwa na nguvu ya kumtetea.

Ukifika, jiandikishe ubalozini: jina, simu, anwani ya mwajiri. Pasipo na ubalozi, uliza ni upi ulioko nchi jirani unaohudumia eneo hilo. Ukibadilisha nyumba au mwajiri, toa taarifa wiki hiyohiyo.