Nani Umemgeuza Nyani?



Likizo hii, nyumbani Bweri, Musoma, nimewasomea watoto wa dada yangu kitabu nilichokipenda sana utotoni: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952). Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa wivu. Jini anawageuza manyani, na Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku.

Zamani nilifurahia viboko tu. Safari hii nimeyaona machozi: Adili anachapa huku anaumia, kisha anawalisha. Hata wakiwa manyani, kwake bado ni ndugu. Yusufu naye aliwalilia ndugu waliomuuza (Mwanzo 45).

Mdogo wao akaniuliza, "Mjomba, mbona wewe na mjomba mkubwa hamsalimiani?" Nikakosa jibu. Digrii ya falsafa, halafu nanyamazishwa na mtoto wa darasa la pili! Mwaka mzima sasa, kisa kiwanja. Haki nilikuwa nayo. Machozi sikuwa nayo.

Usiku ule nikampigia simu. Ya kiwanja hatujayamaliza, ila tumesalimiana.

Tafakari: Nani umemgeuza nyani moyoni mwako? Soma Mathayo 5:23-24, kisha anza na salamu.