Dondoo muhimu: Kumvizia nzohe Rubondo

Swala huyu wa majimajini anawindwa kwa kamera tu: Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na upinde hauingii.

• Njia: Kutoka Mwanza, pitia Geita hadi Nkome, kisha boti.

• Msimu: Juni hadi Agosti. Ni kiangazi, njia zinapitika.

• Upepo: Alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, hivyo ukikaa nyuma ya matete harufu yako inamfikia. Alasiri hugeuka, ndiyo saa yako.

• Mahali: Askari wa hifadhi akuchagulie sehemu iliyoinuka inayotazama matete. Usipande mti kiholela.

• Mavazi: Kaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi huwaita mbung'o.

• Macho: Tafuta masikio yanayocheza kati ya mafunjo. Akishtuka huzama, akabakiza pua juu ya maji.

• Nyayo: Kwato zake ni ndefu, zimepanuka ili asididimie topeni.

• Tahadhari: Usisogee ukingoni, mamba wapo.

Akiinua kichwa na kukukazia macho, shusha kamera, tulia. Ukimfuata, umemkosa.