Mgeni njoo, mwenyeji apone: je, mwenyeji wa Kahuzi-Biega ni nani?

Je, biashara ya utalii wa mazingira iruhusiwe ndani ya hifadhi za taifa? Katika midahalo yetu wanaokubali hutaja dola, na wanaokataa hutaja wanyama. Mimi najibu ndiyo, kwa sharti moja. Sharti hilo nitalieleza kwa njia ya sarufi, hasa mnyambuliko wa vitenzi, nikichukua mfano wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, jirani yetu wa Kivu ya Kusini.

Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ambaye aliwazoesha magorila kuwaona watu bila kukimbia wala kushambulia. Utalii, basi, umekuwepo pale karibu tangu mwanzo. Mwaka 1975 eneo lilipanuliwa kutoka hekta 60,000 hadi 600,000, na mwaka 1980 UNESCO ikaliingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Katika miaka hiyo hiyo Batwa, waliokuwa wakiishi msituni kwa kuwinda na kukusanya asali na dawa, walijikuta nje ya mpaka.

Hapa nawaomba wanafunzi wenzangu watazame vitenzi vitatu. Ukisema «Batwa walihama», umesema wameondoka kwa hiari yao. Ukisema «walihamishwa», kiambishi -ish- kinaleta msababishi, lakini -w- inakuruhusu kumficha. Ukisema «serikali iliwahamisha», sasa mtendaji yuko mbele ya macho. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba taifa letu lilivunja haki za Batwa hao, walioondolewa bila ridhaa yao. Tume ilimtaja mtendaji ambaye sentensi nyingi za miaka hamsini zilikuwa zimemwacha.

Tuje kwenye fedha. Methali tunayopenda kuwapokelea watalii ni «mgeni njoo, mwenyeji apone». Neno mwenyeji limetokana na mwenye mji, yaani mwenye mahali. Mtalii anayelipa ili akae saa moja mbele ya gorila anapokewa na mlinzi, na risiti anapewa na ofisi. Mwenye mahali anakaa kandokando ya barabara na kuangalia gari likipita. Methali haijatimia hapo, kwa kuwa anayepona ni mwingine.

Mara nyingi huahidiwa kwamba wenyeji «watagawiwa» sehemu ya mapato. Kitenzi ni gawia, kauli ya kutendea: mmoja ana mali, mwingine ananyoosha mkono. Rwanda wamefika mbali zaidi kwa kuweka tarakimu. Mwaka 2017 walipandisha bei ya kibali cha kuwaona magorila hadi dola 1,500, na fungu la jamii zinazozunguka hifadhi likatoka asilimia 5 hadi 10. Tarakimu ni bora kuliko ahadi, nakiri. Hata hivyo bado ni kugawia. Kauli ya kutendana ni gawana, nayo hudai pande mbili zenye haki sawa ya kusema: bei iwe ngapi, njia zipite wapi na zikwepe makaburi gani, wageni wangapi kwa siku, nani aajiriwe kwa mkataba. Sharti langu ndilo hilo: utalii uruhusiwe pale ambapo kitenzi gawana kinaweza kuandikwa katika mkataba bila kusema uongo.

Wapo watakaosema biashara yoyote ni sumu kwa msitu. Hoja yao ina uzito, maana magorila huambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na ndiyo sababu ya barakoa, umbali wa mita kadhaa na muda wa saa moja tu. Lakini msitu usio na watalii haukosi wafanyabiashara. Karibu na mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda, wachimbaji walijaa katika sehemu za chini za Kahuzi-Biega na wanyama wakaliwa. Mkaa nao (watu wa Bukavu tunauita makala, msichanganye na makala haya) huchomwa bila kibali cha mtu. Biashara hizo hazina hata risiti.

Naona hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni kuutegemea utalii peke yake. Mwezi wa tano 2018, baada ya watalii wawili Waingereza kutekwa nyara na mlinzi mmoja kuuawa, Hifadhi ya Virunga ilifunga milango kwa wageni hadi mwezi wa pili 2019. Ilifunga tena mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Kijiji kilichoacha shamba ili kiuze vinyago kingekula nini miezi hiyo? Haki ya ardhi inabaki hata mgeni asipokuja. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 kuhusu haki za Mbilikimo wa asili imefungua mlango huo, na kwa maoni yangu ndio utangulie mlango wa watalii.

Kwa wanaosoma mnyambuliko muhula huu, naacha sentensi moja inayopatikana karibu katika kila mradi wa hifadhi: «Wenyeji watashirikishwa katika utalii.» Tenganisheni viambishi vya kitenzi, mtajeni mtendaji aliyefichwa, kisha iandikeni upya wenyeji wakiwa ndio watendaji.