Je, Kichakataji Kipya Kitaiharakisha Kompyuta?

Tuchukue mfano wa mwalimu aishiye Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, ambaye kompyuta yake ya mezani imekuwa nzito. Kila aiwashapo ili kuandaa matokeo ya wanafunzi, hungoja dakika kadhaa. Ameshauriwa anunue kichakataji kipya, yaani kile kipande kifanyacho mahesabu na kutekeleza amri za programu. Kifaa hicho kitaagizwa kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, na kikishafika si rahisi kukirudisha. Je, atakuwa ametumia fedha zake kwa busara? Swali hili halifai kujibiwa kwa kubahatisha, kwani lina kanuni yake.

Kanuni ya Amdahl

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi huwekewa mpaka na sehemu zinazobaki. Mkulima apelekaye mahindi mashineni ataielewa hoja hii mara moja. Ikiwa kwenda na kurudi humchukua dakika 54, na kusaga dakika 6, basi mashine yenye kasi maradufu itampunguzia dakika 3 tu katika saa nzima.

Tuseme T ni muda wa kazi nzima. S ni sehemu ya muda huo itumiwayo na kichakataji. Na k ni idadi ya mara ambazo kichakataji kipya kinakizidi cha zamani kwa kasi. Muda mpya utakuwa:

T × [(1 − s) + s/k]

Kazi ikichukua sekunde 100, na sekunde 20 tu kati ya hizo zikiwa za kichakataji, kichakataji chenye kasi maradufu kitaifanya ichukue sekunde 90. Lakini kama sekunde 80 ni za kichakataji, muda utashuka hadi sekunde 60. Kifaa ni kilekile na bei ni ileile. Faida ndiyo inayotofautiana.

Kompyuta hungoja nini?

Mara nyingi hungoja diski. Diski ngumu izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 0.0083. Kwa wastani, data itakiwayo hungojewa nusu ya mzunguko, mbali na muda wa kusogeza kichwa cha kusomea. Katika nusu hiyo, kichakataji cha gigahezi 3 hupiga mapigo zaidi ya milioni 12. Kukiongezea kasi ni kukifanya kingoje kwa pupa zaidi. Diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka huondoa ngojangoja hiyo.

Sababu ya pili ni uhaba wa kumbukumbu. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta hulazimika kuhamishia data kwenye diski na kuirejesha kila mara, na kazi yote huzorota.

Kupima kabla ya kununua

Katika kompyuta zitumiazo Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Utaona asilimia za matumizi ya kichakataji, kumbukumbu na diski. Fanya kazi yako ya kawaida, nawe utazame wakati ule hasa unaongoja. Diski ikikaribia asilimia 100 huku kichakataji kikiwa chini, tatizo liko kwenye diski au kumbukumbu. Kichakataji kikikaribia 100 peke yake, hapo kukibadilisha kwaweza kufaa. Tahadhari: programu itumiayo kiini kimoja tu katika kichakataji chenye viini vinne itaonyesha karibu asilimia 25, ingawa kiini hicho kimeelemewa.

Kagua pia joto. Kichakataji kikipata joto mno hujipunguzia kasi ili kisiungue. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo feni ileile huondoa joto pungufu. Baridi ya Ufipa husaidia kufidia upungufu huo, lakini vumbi la kiangazi likiziba feni, dawa ni kulisafisha.

Mwisho, hakikisha kwamba bodi kuu ya kompyuta yako inakikubali kichakataji unachokusudia. Katika kompyuta nyingi za mapajani kipande hicho kimelehemewa, wala hakibadilishiki.

Basi mwalimu wetu na apime kwanza. Dakika kumi za kutazama zaweza kumwokolea akiba ya miezi mingi.

Maswali

1. Kazi huchukua sekunde 150, na kichakataji hutumia 30 kati ya hizo. Kichakataji chenye kasi mara 3 kitaifanya ichukue sekunde ngapi?

2. Je, kuna kichakataji kiwezacho kuishusha kazi hiyo chini ya sekunde 120? Eleza.