Jina la Hofu: Istilahi za Kiswahili na Uelewa wa Hofu ya Ghafla katika Kaunti za Migori na Homa Bay

1.0 Utangulizi

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba jina tunaloupa ugonjwa ni sehemu ya tiba yake, au ya madhara yake. Hali inayochunguzwa ni ile ya mtu kushikwa na hofu kuu kwa ghafla, moyo ukamwenda mbio, pumzi zikambana, akaamini kwamba anakata roho, ilhali mbele yake hakuna hatari yoyote.

Tumeteua kaunti za Migori na Homa Bay kwa sababu ya mseto wa lugha zilizoko huko. Wengi huzungumza Dholuo nyumbani. Kuna pia Wakuria na Wasuba. Kiswahili hutumika shuleni, sokoni, na hasa mpakani Isebania, Kenya inapokutana na Tanzania. Mgonjwa na mhudumu wa afya wasiochangia lugha ya mama hukutana katika Kiswahili. Je, Kiswahili chetu kinawatosha?

2.0 Hofu ya Ghafla ni Nini?

Mwili wa binadamu umeumbwa kujihami. Ubongo unapohisi hatari, homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga kwa kasi, misuli hukaza na pumzi huharakishwa ili mtu akimbie au apigane. Katika hofu ya ghafla, king'ora hicho hulia pasipo moto. Mtu hutoka jasho, hutetemeka, huhisi kifua kikibana na kichefuchefu. Kwa kuwa anapumua haraka kupita kiasi, hewa ya kabonidayoksaidi hupungua katika damu. Ndipo vidole vikafa ganzi na kichwa kikazunguka. Dalili hizi hufikia kilele ndani ya dakika chache, kisha hushuka.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alifafanua kinachoikuza hali hii: ni tafsiri. Mtu huhisi moyo ukidunda, akatafsiri kuwa ni kifo. Tafsiri hiyo huzidisha hofu, hofu ikazidisha mdundo. Kwa hivyo, suala hili ni la kisemantiki pia, kwani mtu hutafsiri mwili wake kwa maneno aliyo nayo.

Ni vyema kutofautisha tukio moja na ugonjwa. Wengi hupatwa mara moja au mbili maishani. Huwa ugonjwa pale matukio yanapojirudia bila kutarajiwa, na mtu akaishi mwezi mmoja au zaidi akiogopa jingine, au akaanza kukwepa mahali. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuorodhesha ugonjwa huu peke yake mwaka 1980.

3.0 Majina Yanayopotosha

La kwanza ni "moyo". Katika Kiswahili, moyo ni kiungo kinachosukuma damu na pia makao ya hisia. Dholuo hutenganisha: "adundo" ni kiungo, ilhali hisia hukaa katika "chuny", neno lenye maana ya ini na pia nafsi. Mzungumzaji wa Dholuo anayetaka kusema kuwa chuny yake haina utulivu atasema kwa Kiswahili, "Moyo wangu unanisumbua." Mhudumu atasikia habari za kiungo. Atapima, asione kasoro, amwambie, "Huna kitu." Mgonjwa atarudi nyumbani akiwa na hofu ileile, na sasa pia fedheha ya kuonekana mwongo.

La pili ni "presha". Mapigo ya kasi huitwa presha papo hapo, hata kabla ya kipimo. Yupo anayemeza dawa za jirani yake kwa sababu ya jina hilo tu, na hilo ni hatari.

La tatu ni majina ya nguvu za nje: mapepo, "juogi" kwa Dholuo, au kurogwa. Makala hii haikusudii kuzidharau imani za watu. Hata hivyo, mtu aliyeambiwa kwamba ana adui asiyeonekana huongezewa sababu ya kuogopa.

4.0 Istilahi Ipi Ifae?

Kiswahili si maskini wa maneno ya hofu: wasiwasi, fadhaa, jakamoyo, taharuki, kiwewe, kihoro. Hata hivyo, wasiwasi na jakamoyo huashiria hali ya kudumu isiyo na kilele. Kihoro hufungamana na huzuni ya kupoteza. Kiwewe siku hizi hutumiwa na baadhi ya wataalamu kwa jeraha la nafsi linalofuata tukio la kutisha.

"Mshtuko wa hofu" huponzwa na ujirani wake na "mshtuko wa moyo", yaani maradhi yaleyale ambayo mgonjwa anadhani yanamuua. "Shambulio la hofu" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Kila shambulio lina mshambulizi, nasi tumekwisha kuona madhara ya kumtafuta adui.

Tunapendekeza "hofu ya ghafla" iwe istilahi ya kitabibu, kwa kuwa inataja kilichopo bila kuongeza kisichokuwapo. Katika kumweleza mgonjwa, "wimbi la hofu" linafaa. Huenda mtu akapinga kwamba wavuvi wa Mbita na Mfangano wanajua mawimbi huzamisha mashua. Ni kweli. Lakini wao ndio wanaojua pia kwamba wimbi hupanda, hufika kileleni na kushuka, na kwamba nahodha huelekeza omo kwenye wimbi, halipi ubavu.

5.0 Namna ya Kukabiliana

Kwanza, anayepatwa kwa mara ya kwanza apimwe. Upungufu wa damu, pumu, maradhi ya tezi ya shingo na ya moyo huweza kuleta dalili kama hizi. Maumivu ya kifua yasiyoachilia, yanayoenea mkononi au tayani, au kuzirai, ni dharura. Mtu apelekwe hospitali mara moja.

Pili, wimbi linapokuja, mtu aliite kwa jina: "Hii ni hofu ya ghafla, itapita." Avute pumzi polepole kwa puani akihesabu hadi 4, aitoe akihesabu hadi 6. Atazame na kutaja vitu vilivyo karibu naye.

Tatu, asijenge mazoea ya kukimbia. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanafunzi aliyepatwa ndani ya matatu ya Rongo huacha matatu, kisha soko, kisha ukumbi wa mihadhara, hadi chumba chake kikawa gereza. Arudi hatua kwa hatua, ikibidi na mwenzake. Apunguze kahawa, miraa na pombe.

Nne, mwenzake asimkemee wala asimzingire. Akae naye, aseme kwa sauti ya chini, apumue naye.

Hali ikijirudia, tiba ipo: mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na dawa zinazoandikwa na daktari. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022 na kuzipa serikali za kaunti wajibu katika huduma hizi. Atakayewaza kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mhudumu siku iyo hiyo.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba hofu ya ghafla hulishwa na tafsiri, na tafsiri hulishwa na msamiati. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Rongo na Tom Mboya, na kwingineko, wana kazi ya kufanya: kukusanya maneno ambayo wagonjwa huyatumia kwa Dholuo, Igikuria na Kiswahili, kuyalinganisha, na kuyapeleka kwa wahudumu wa afya. Istilahi zetu zisiishie katika kurasa za majarida. Zimfikie yule anayeshika kifua chake usiku wa manane, apate neno jingine lisilokuwa "ninakufa".