Pombe, Macho na Miwani Isiyosaidia

Mnywaji wa miaka mingi akianza kuona ukungu, wazo lake la kwanza ni miwani. Anakwenda gulioni, anajaribu hii na ile, ananunua inayompa nafuu kidogo, kisha anarudi kilabuni. Kama ukungu huo umeletwa na pombe, miwani haitamfaa. Kilichoharibika si lenzi ya jicho bali ni mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na huo haurekebishwi kwa kioo.

Tabora haikuanza kunywa jana. Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, pombe ya mtama ilipikwa katika vijiji ambamo wapagazi walipumzika, na leo asali ya misitu ya miombo bado inageuzwa kuwa wanzuki. Makala hii haimsemi anayekunywa kikombe kwenye harusi. Inamsema anayekunywa karibu kila siku, mwaka hadi mwaka, huku chakula kikingoja.

Hapo kwenye chakula ndipo pa kutazama. Pombe hushibisha bila kulisha. Huuzuia utumbo kufyonza vitamini za kundi B, hasa B1 na folati, na ini lililochoka hushindwa kuweka akiba. Mshipa wa macho unahitaji nishati nyingi kila saa, kwa hiyo njaa hii huupata mapema. Hudhoofika polepole, macho yote mawili kwa pamoja, bila maumivu yoyote, na kisichouma kwetu hakipelekwi hospitali.

Dalili zake zinatambulika ukizijua. Katikati ya kile anachokitazama mtu panafifia, pembeni panabaki. Anakujua kwa sauti na mwendo, lakini ukisimama mbele yake sura yako haioni vizuri. Rangi hupauka, na nyekundu mara nyingi hutangulia: mwekundu wa Msimbazi, ile noti ya elfu kumi, anaanza kuuchanganya na noti ya elfu mbili, na mwenye duka anadhani mteja wake amelewa tu. Jipime hivi: ziba jicho moja, tazama kitu chekundu, kisha badilisha jicho. Wekundu ukiwa umefifia, au maandishi uliyokuwa ukiyasoma yakikushinda, usingoje.

Tumbaku huongeza ubaya, na mkoa huu ni wa tumbaku. Moshi wake una sianidi, sumu ambayo mwili usio na lishe ya kutosha hushindwa kuiondoa. Kuba iliyaona hayo kati ya mwaka 1991 na 1993, uchumi ulipoanguka na chakula kikaadimika: watu zaidi ya 50,000 walipata maradhi ya mishipa ya fahamu, wengi wao yakiwapunguzia uwezo wa kuona. Lishe duni ilikuwa chanzo kikubwa, na wavutaji walikuwa hatarini zaidi. Wengi walipata nafuu walipopewa vitamini, na hiyo ndiyo habari njema: kwa ugonjwa huu wa polepole, anayewahi kuacha pombe na kutibiwa anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya uoni wake.

Gongo iliyochakachuliwa haina subira hiyo. Mtu akiongeza spiriti ya viwandani ili ikolee, methanoli huingia ndani ya chupa, nayo haitambuliki kwa harufu wala ladha. Mililita 10 za methanoli tupu, kama vijiko viwili vya chai, zinaweza kupofusha. Mara nyingi mnywaji hulala vizuri, na balaa huanza saa 12 hadi 24 baadaye: kichwa, tumbo, kutapika, pumzi za haraka, na mbele ya macho weupe kama ukungu mzito. Kenya imezika watu wengi na kuwaacha wengine vipofu kwa mkasa huu, mwaka 2000 jijini Nairobi na tena mwaka 2014 katika kaunti kadhaa. Mtu wa namna hiyo asilazwe nyumbani kwa kudhani ni uchovu wa jana, wala asipewe maziwa. Akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, na wote waliokunywa chupa ileile waende naye, hata kama wanajiona wazima.

Lakini tusiitupie pombe kila lawama. John Hanning Speke, aliyepita Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857 pamoja na Richard Burton, alifika Ziwa Tanganyika Februari 1858 akiwa karibu haoni kwa ugonjwa wa macho uliompata safarini. Mtoto wa jicho, presha ya macho na kisukari navyo huleta ukungu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo ethambutol inaweza kuugusa mshipa uleule, hivyo mgonjwa wa TB akiona rangi zinabadilika amwambie mhudumu wake mara moja. Neno la jirani kwamba “hiyo ni pombe tu” limewachelewesha wengi.

Mezani, hakuna kinachohitaji kuagizwa mbali: maharage, karanga, ugali wa dona, mchicha, mayai, dagaa na migebuka ya Kigoma. Chakula peke yake hakitoshi kwa aliyekwisha kudhoofika; huyo anahitaji vitamini kwa maelekezo ya daktari, pengine kwa sindano. Na anayekunywa kila siku asikate pombe ghafla akiwa peke yake, maana kutetemeka, degedege na kuchanganyikiwa kunaweza kumuua. Aache akiwa chini ya uangalizi.

Ukiwa Sikonge, Urambo au Kaliua, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Ukifika, mwambie daktari kweli yote: unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Ukificha hilo, utatoka na matone ya macho tu.